Je, Wajua? Makato ya Benki Yanaweza Kurudi

Je, wajua kwamba mtu anaweza kudaiwa na benki bila kukopa hata shilingi moja? Hutokea hapa Arua, hutokea Koboko. Mwalimu anabadili benki ya mshahara, na akaunti yake ya zamani inabaki na shilingi elfu chache. Hakuifunga, aliiacha tu. Ada ya mwezi inaendelea kukatwa. Salio linafika sifuri, linapita sifuri, linaingia kwenye hasi, na ile hasi nayo inaanza kuzaa riba. Siku anaporudi kuomba mkopo wa mabati, anaambiwa, "Mwalimu, una deni letu." Hiyo ni ovadrafti ambayo mwenyewe hakuiomba. Mara nyingi huilipa ili mambo yaishe, kumbe angeuliza tu benki imelitoa wapi deni hilo, huenda sehemu yake au lote lingefutwa.

Je, wajua ovadrafti ilianza lini? Mwaka 1728, mjini Edinburgh, Royal Bank of Scotland ilimruhusu mfanyabiashara William Hogg atoe hadi pauni 1,000 zaidi ya alizokuwa nazo kwenye akaunti. Shida yake ilikuwa ileile ya mfanyabiashara wa mpakani Oraba leo: mzigo umeshalipiwa, walionunua hawajaleta pesa, na wanaodai wako mlangoni. Lakini tazama jambo moja. Hogg na benki walikaa wakapatana kwanza, kiasi kikajulikana. Ovadrafti ni mapatano. Pasipo mapatano, benki ina kazi ya kueleza imelitoa wapi deni hilo.

Je, wajua kwamba pesa uliyoiweka benki, kisheria, si yako tena? Inakuwa ya benki, na benki inakuwa mdeni wako. Msimamo huo uliwekwa mwaka 1848 katika kesi ya Foley na Hill, mbele ya Bunge la Malodi ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Wengi wakisikia hivyo huogopa. Mimi naona jambo hilo linatupa nguvu. Ukiwa na salio, wewe ndiye unayedai. Benki ikikata shilingi 10,000 isipostahili, imepunguza deni lake kwako bila ruhusa yako, na una haki ya kuiuliza kama unavyomuuliza mtu yeyote anayekulipa nusu huku amekopa nzima.

Na je, wajua sheria hiyo ya Waingereza ilifikaje Uganda? Kwa amri ya mwaka 1902: sheria ya Uingereza ilivyokuwa tarehe 11 Agosti mwaka huo ndiyo iliyopokelewa. Sisi wa West Nile wakati huo hatukuwa Uganda. Tulikuwa ndani ya Lado, eneo lililokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, kisha likaenda Sudan baada ya kifo chake, na sehemu yetu ikaingizwa Uganda mwaka 1914, mwaka ule ule ofisa wa Kiingereza Weatherhead alipofungua kituo cha serikali Arua. Kwa hiyo mzee wa Kilugbara au wa Kikakwa aliyezaliwa kabla ya hapo alibadilishiwa sheria bila kuhama nyumba yake.

Je, wajua kwamba tangu mwaka 2011 Benki Kuu ya Uganda ina mwongozo rasmi wa kumlinda mteja wa huduma za fedha? Nguzo zake ni tatu: haki, kutegemeka na uwazi. Benki inatakiwa kukuambia makato yake kabla hujasaini, na kukupa taarifa kabla ya kuyabadilisha. Inatakiwa kupokea malalamiko yako bila kukutoza chochote, na kuyashughulikia ndani ya wiki 2. Ukimwomba mfanyakazi wa benki mwongozo huo naye akakwambia hajausikia, usigombane naye. Mwambie kwa upole amuulize meneja.

Na kuna kipengele kimoja ambacho kwetu mpakani ni dhahabu. Mteja asiyeelewa maandishi anatakiwa kuelezwa kwa mdomo. Fikiria karatasi za ovadrafti za Kiingereza, kurasa nyingi, herufi ndogo, mbele ya mama ambaye biashara yake yote anaifanya kwa Kilugbara na Kiswahili, na wateja wake wa Ariwara, upande wa Kongo, wanaongeza Kilingala. Ana haki ya kusema: "Nisomee, nieleweshe, ndipo nisaini." Asione haya. Aliyemwekea kalamu mkononi akamwonyesha tu mahali pa kusaini ndiye aliyekosea.

Je, wajua jinsi kosa la riba linavyoonekana kwa macho? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nililiona mwenyewe.

Shangazi yangu anauza vitenge Arua mjini. Benki yake, ambayo sitaitaja, ilimkubalia ovadrafti ya hadi shilingi 5,000,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka. Mzigo ulipofika alitumia 2,000,000 tu, akazirudisha baada ya siku 18. Mwisho wa mwezi akakatwa riba ya 59,178. Yeye hakusoma sana, lakini ana daftari la shule, lile la kurasa 96, na kila kinachoingia na kutoka hukiandika humo. Akaniita. "Mwanangu, kaa hapa, unihesabie. Hii pesa imekuwa kubwa."

Tukakaa juu ya marobota ya vitenge. Riba ya ovadrafti hukokotolewa kwa siku: chukua kiasi kilichotumika, zidisha kwa riba ya mwaka, gawanya kwa siku 365, zidisha kwa siku kilizokaa. Milioni 2 kwa asilimia 24 ni 480,000 kwa mwaka. Kwa siku 18 inakuwa 23,671. Si 59,178. Nikarudia mara mbili nikidhani simu imekosea. Kisha nikajaribu kwa milioni 5, na hapo ikatoka 59,178 kamili, shilingi kwa shilingi. Walikuwa wamemtoza riba ya kiwango chote alichoruhusiwa, wakati yeye alikuwa amegusa sehemu tu. Tofauti ilikuwa shilingi 35,507.

Tukaenda benki. Kijana wa kaunta, mwenye adabu zake, akasema, "Mama, hiyo ndiyo mashine inavyokata." Shangazi akamjibu, "Mwanangu, mashine haikusaini karatasi. Niliyesaini ni mimi na meneja wako. Niitie." Meneja akatazama mkataba, akatazama daftari, akakaa kimya. Tukamwachia barua, na nakala yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Wiki 2 hazijaisha, zile 35,507 zikarudi kwenye akaunti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Shangazi hakuwa na mwanasheria. Alikuwa na daftari.

Je, wajua ni makato gani hurudi kwa urahisi? Yale yaliyokatwa mara mbili kwa jambo moja. Yale ambayo hayamo kwenye mkataba wala kwenye orodha ya makato ya benki. Ada za mwezi zilizoendelea baada ya wewe kuandika barua ya kufunga akaunti. Ada iliyopandishwa bila kukuarifu. Faini ya malipo kukwama wakati pesa yako ilikuwa imeshaingia, ila benki yenyewe ilichelewa kuiandika. Haya ni makosa, na kosa halihitaji huruma ya meneja. Linahitaji ushahidi.

Yaliyo magumu kurudi ni yale uliyoyasaini ukiyajua. Hili nalisema waziwazi, kwa sababu wapo wanaowaahidi watu kwamba kila kato ni wizi. Sivyo. Sehemu ya makato hata si ya benki: kuna ushuru wa serikali unaotozwa juu ya ada za benki, na huo meneja hana uwezo wa kukurudishia kama ada yenyewe ilikuwa halali. Ada ikirudi kwa kuwa ilikuwa kosa, basi dai na ushuru wake urudi pamoja nayo.

Je, wajua Waingereza walijifunza tofauti hiyo kwa uchungu? Kuanzia mwaka 2006 hivi, maelfu ya wateja wa kawaida walianza kuziandikia benki zao barua, wakidai faini za kuzidisha akaunti bila ruhusa. Faini moja ilikuwa pauni 30 na zaidi, hata kama ulizidisha kwa pauni 2. Hoja yao ilikuwa nyepesi: kunitumia barua hakukugharimu pauni 30. Benki nyingi zililipa kimyakimya kuliko kwenda kortini. Mwaka 2007 madai yakasimamishwa kusubiri kesi moja ya mfano, kati ya ofisi ya serikali ya biashara ya haki na taasisi 8 za fedha. Tarehe 25 Novemba 2009 Mahakama ya Juu ikaamua: makato hayo ni sehemu ya bei ya huduma, na ofisi hiyo haikuwa na mamlaka ya kuipima bei kwa kigezo cha haki. Wateja wakashindwa.

Ila jambo halikufia hapo. Kelele zilikuwa zimeshasikika, na Aprili 2020 msimamizi wa masoko ya fedha wa Uingereza akaleta kanuni mpya: ovadrafti itozwe riba moja ya mwaka iliyo wazi, na isiyokubaliwa isiwe ghali kuliko iliyokubaliwa. Walichokikosa kortini walikipata kwenye kanuni, zaidi ya miaka 10 baadaye.

Je, wajua hata mpangilio wa mistari kwenye akaunti unaweza kukugharimu? Tuseme una shilingi 100,000. Kwa siku moja umelipa 10,000, kisha 15,000, kisha 20,000, na jioni 90,000. Zikiandikwa zilivyotokea, ni ile ya mwisho tu inayokuzidisha, nawe utatozwa faini moja. Sasa zigeuze, kubwa itangulie: 90,000 inaacha 10,000, halafu 20,000 inakuingiza kwenye hasi, na 15,000 na 10,000 zinafuata humo humo. Faini 3. Pesa ni ile ile, siku ni ile ile. Marekani benki ya Wells Fargo ilishtakiwa kwa mpangilio wa namna hiyo, na mwaka 2010 Jaji William Alsup wa California akaiamuru irudishe dola milioni 203 kwa wateja. Mwaka uliofuata Bank of America ikakubali kulipa dola milioni 410 kumaliza kesi kama hiyo. Kwa hiyo ukipata taarifa ya akaunti, usitazame kiasi tu. Tazama na tarehe, na ipi imetangulia.

Je, wajua majirani zetu wa Kenya wana kifungu kinachozikataza benki kupandisha makato bila idhini ya waziri wa fedha? Ni kifungu cha 44 cha sheria yao ya benki. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Stanbic na kampuni ya Santowels, ilisema kwamba riba nayo imo ndani ya kifungu hicho. Tangu mwaka 2007 pia wana kanuni kwamba riba ya mkopo ulioshindikana kulipwa haiwezi kuendelea kuvimba ikapita deni lenyewe. Ulidaiwa milioni 1, riba ikifika milioni 1, inasimama. Naitamani kanuni hiyo iandikwe kila nchi ya Afrika Mashariki, kwa herufi kubwa.

Uganda nako korti haikufungwa mikono. Sheria yetu ya mwenendo wa kesi za madai inampa hakimu uwezo wa kuikataa riba iliyokubaliwa ikiwa ni ya kikatili na isiyovumilika, akaweka anayoiona ya haki. Na Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inasema faini iliyotajwa kwenye mkataba ndiyo kikomo. Anayestahili kulipwa hulipwa fidia ya kiasi, si lazima faini yote.

Je, wajua kesi iliyotikisa benki zetu? Ni ya tajiri Hamis Kiggundu dhidi ya Diamond Trust Bank, akidai benki ilichota mabilioni kwenye akaunti zake bila idhini. Oktoba 2020 Mahakama Kuu ilimpa ushindi. Mei 2021 Mahakama ya Rufaa ikaufuta. Ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Yeye ana uwezo wa kulipa mawakili miaka yote hiyo. Muuza samaki wa Koboko hana, na ndiyo maana inayofuata naipenda zaidi.

Je, wajua kuna utaratibu wa madai madogo, usioruhusu mawakili kabisa? Ulianzishwa kwa kanuni za mwaka 2011. Dai likiwa halizidi shilingi 10,000,000, unampa unayemdai barua ya kumtaka alipe ndani ya siku 14. Akinyamaza au akikataa, unafungua dai mahakamani na kujieleza mwenyewe mbele ya hakimu. Benki nayo inajieleza yenyewe, bila wakili. Mama wa sokoni na ofisa wa benki wanasimama sawa.

Lakini usianzie huko. Anzia tawini. Barua yako iwe fupi, isiwe na matusi wala vitisho. Andika jina lako na namba ya akaunti, kisha: "Tarehe fulani mlikata shilingi kadhaa na kuziita hivi. Mkataba wetu unasema hivi. Kwa hiyo naomba mnirudishie shilingi kadhaa, pamoja na ushuru wake, au mnionyeshe kwa maandishi kipengele kinachoruhusu kato hilo." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye meno. Ambatisha ukurasa wa taarifa ya akaunti na uuzungushie mstari kwa kalamu. Nakala yako igongwe muhuri. Asiyekubali kugonga muhuri, muulize jina lake uliandike pamoja na saa.

Wiki 2 zikipita bila jibu, au jibu likiwa halieleweki, peleka nakala zote Benki Kuu ya Uganda, Kampala Road. Ina kituo chake hapa Arua, ingawa kazi kubwa ya kituo hicho ni noti na sarafu.

Je, wajua mlango unategemea uliyemwendea? Benki za biashara, taasisi za mikopo na taasisi ndogo za fedha zinazopokea akiba, mkubwa wao ni Benki Kuu. Wakopeshaji binafsi wako chini ya mamlaka nyingine, UMRA, iliyotokana na sheria ya mwaka 2016. Watu wengi wa huku hupoteza miezi kwa kulalamika mlango usio wake. Kabla ya kusaini popote, uliza: "Leseni yenu imetolewa na nani?"

Je, wajua ovadrafti siku hizi iko mfukoni? Kenya, Fuliza ya Safaricom ilianza Januari 2019: pesa ya M-Pesa ikipungua, inakujazia, kisha inatoza ada kwa kila siku deni linapokaa. Oktoba 2022 ada hizo zilipunguzwa baada ya manung'uniko mengi. Hapa Uganda, mkopo wa simu wa MoKash wa MTN ulikuja 2016 kwa ada ya asilimia 9 kwa siku 30. Asilimia 9 inasikika ndogo. Ukikopa mwezi hadi mwezi kwa mwaka mzima, ni asilimia 108. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Je, wajua kwamba Machi 2024 Uganda ilizindua benki yake ya kwanza kamili ya Kiislamu, Salaam Bank? Sheria ilirekebishwa mwaka 2016 kuruhusu benki za namna hiyo, zisizotoza riba. Kwa Waislamu wengi wa Yumbe, Koboko na Arua, ambao walikuwa wakiikwepa ovadrafti kwa sababu ya imani, hii si habari ndogo. Bado ada zipo, na bado orodha ya ada ni ya kuombwa.

Je, wajua deni dogo la akaunti uliyoitelekeza linaweza kukufuata? Taarifa za wakopaji hupelekwa kwenye ofisi za kumbukumbu za mikopo, zilizoanza Uganda mwaka 2008. Shilingi 40,000 za ada zilizorundikana zinaweza kukunyima mkopo wa pikipiki. Akaunti usiyoitaka ifunge kwa barua, na uichukue karatasi ya kuthibitisha kwamba imefungwa.

Na mwisho, je, wajua muda wa kudai una ukomo? Madai ya mikataba Uganda yana miaka 6, na baada ya hapo korti huweza kukufungia mlango hata ukiwa na haki tupu. Kwa hiyo wiki hii, ukishuka mjini, pitia benki yako. Omba taarifa ya akaunti ya miezi 12 na orodha ya makato yao. Kaa kivulini na kalamu, mstari kwa mstari. Kama macho ya mama yako hayaoni vizuri, msomee na yake.